Memori kadi ya kamera: namna ya kuichagua, kuinunua na kuipima kabla hujaenda nayo kazini

Mtu akishapata kamera yake ya kwanza maswali yanayofuata ni yale yale, na la memori kadi halikosekani hata siku moja: "ninunue ya GB ngapi?" Sasa hapo ndo watu wanapoanza kupotea, mana GB ni kitu cha kuangalia mwishoni. Kadi ya GB 256 yenye spidi ndogo itakukatia video katikati ya viapo, na kadi feki iliyoandikwa GB 128 itapokea picha zako zote za sendofu kimya kimya, alafu ukifika nyumbani unakuta za mwanzo zinafunguka na zilizobaki hazifunguki. Na shughuli hairudiwi. Huwezi kumwambia mama wa bibi harusi avae tena, ukumbi upambwe tena na watu waje kutunza tena kisa kadi.

Huu mwongozo ni kwa anayeanza, mwenye DSLR au mirolesi, anayepiga picha na video za shughuli au za biashara yake. Mwenye GoPro au droni atafaidika pia, tofauti ni kwamba hizo zinatumia microSD lakini alama za spidi ni zile zile. Nadharia nimepunguza, utakuta ile tu ambayo bila hiyo utapigwa dukani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jina kamili la kamera yako. Siyo "Canon" wala "Sony", ni Canon 600D, Sony ZV-E10, Nikon D750, kama ilivyoandikwa kwenye bodi. 600D na 6D ni kamera mbili tofauti kabisa.
- Kitabu chake cha maelekezo. Kama uliinunua iliyotumika bila boksi, PDF yake inapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Tafuta ukurasa unaosema kadi zinazokubalika na ule unaosema ubora wa video.
- Kalkuleta ya simu.
- Kompyuta na kadi rida (kile kidude cha kusomea kadi kwenye kompyuta), na ikiwezekana iwe ya USB 3.0.
- Muda. Kuanzia kununua mpaka kupima vizuri jitengee nusu siku, na iwe siku kadhaa kabla ya kazi. Kadi iliyonunuliwa asubuhi ya harusi haijapimwa na mtu yeyote.

Hatua ya 1: Fungua kimlango cha kadi uangalie tundu

Kamera nyingi za sasa zinakula SD, ile yenye kona moja iliyokatwa na kitufe kidogo cha kusogeza pembeni. Lakini kama umenunua kamera ya zamani iliyotumika usiende dukani kwa kukisia. Canon 40D, 50D, 7D ya kwanza na 5D Mark II, pamoja na Nikon D700, zote zinatumia CF, ile nene yenye vitundu vidogo vidogo ukingoni. CF usiilazimishe kuingia hata kidogo, mana ndani ya kamera kuna sindano nyembamba na ikikunjika moja tu hiyo ni kazi ya fundi.

Alafu kuna XQD na CFexpress za kamera kubwa. Nikon Z6 na Z7 za kwanza zilikuja na XQD. Canon R5 ina tundu moja la CFexpress aina B na lingine la SD. Sony A7S III inapokea CFexpress aina A. Aina A na aina B haziingiliani, zina ukubwa tofauti, kwa hiyo ukiambiwa dukani "CFexpress ni CFexpress tu" achana na huyo muuzaji nenda duka la pili.

Kama kamera yako ina matundu mawili soma kama yana spidi sawa, mana mara nyingi hayana. Sony A7 III tundu namba 1 ni la UHS-II, njia ya data yenye spidi kubwa, namba 2 ni UHS-I, ya polepole kuliko hiyo (hatua ya 4 inaeleza). Canon 5D Mark III inapokea CF na SD lakini tundu lake la SD ni la teknolojia ya zamani, ukiiwekea kadi ya SD ya bei kali haitakimbia zaidi ya pale, na ukiweka irekodi kote kote kwa wakati mmoja kamera nzima inamsubiri yule wa polepole.

Na lile swali la microSD ndani ya adapta ya SD: inafanya kazi ndiyo, ila usiifanye ndo kadi yako ya kazini. Unaongeza viunganishi vingine ambavyo vinaweza kulegea, na adapta za bei ya chini zinasumbua sana.

Hatua ya 2: Jua kamera yako inaishia GB ngapi

SD ya kawaida inaishia GB 2, SDHC inaishia GB 32, SDXC inaanzia juu ya GB 32 mpaka TB 2. Kwa nje zote zinafanana, ila SDXC ilitangazwa 2009, kwa hiyo kamera za kabla ya hapo, na hata baadhi za mwaka huo huo, hazijawahi kuisikia. Canon 450D, 500D na 1000D, Nikon D90 na D3000, zote mwisho wake ni SDHC. Mwenye hizo anunue GB 32, hata akipewa 64 ya bure haimsaidii. Kamera za kuanzia 2010 na kuendelea kwa kiasi kikubwa ziko salama, lakini hakikisha kwenye kitabu.

Hatua ya 3: Tafuta kamera yako inaandika kwa spidi gani

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na ndo yenye majibu yote.

Kwenye kitabu au kwenye menyu ya ubora wa video utaona namba kama 50M, 60M au 100M. Hizo ni megabiti kwa sekunde. Kadi zenyewe zinauzwa kwa megabaiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo chukua namba ya kamera ugawe kwa 8. Sony ZV-E10 au A6400 ikirekodi 4K kwa megabiti 100: 100 gawanya kwa 8 unapata 12.5. Yani kamera inataka kadi inayomeza megabaiti 12.5 kila sekunde bila kupumzika, dakika ya kwanza mpaka ya mwisho.

Umeona? Ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kuna watu wanakopa hela wanunue kadi ya V90, yani isiyoshuka megabaiti 90 kwa sekunde, kwa ajili ya kamera ambayo hata V30 (megabaiti 30) inaitumia nusu. Hiyo hela ingenunua betri ya ziada na ikabaki ya taa.

Upande wa pili, ukipanda kwenye kamera za kazi nzito hesabu zinabadilika. Panasonic GH5 kwenye ubora wake wa megabiti 400 ni megabaiti 50 kwa sekunde, hapo V30 haitoshi, unahitaji V60. Sony A7S III kwenye ubora wake wa video unaoitwa XAVC S-I, 4K ya fremu 60 kwa sekunde, inafika megabiti 600, ni megabaiti 75, hapo ndo V90 au CFexpress inapata kazi yake halali.

Kama unapiga picha tu bila video, swali lako ni je unapiga mfululizo? Mtu wa picha za pasipoti na bidhaa hata kadi ya kawaida inamtosha. Mtu wa mpira, au wa maharusi wanapotoka kanisani watu wakirusha maua, anayebonyeza na kushikilia kwenye RAW (lile faili ghafi, kubwa kuliko JPEG), huyo picha moja ya megapikseli 24 ni megabaiti 25 mpaka 30 hivi, kumi kwa mkupuo ni karibu 300. Kamera inazihifadhi kwanza kwenye kumbukumbu yake ya ndani alafu ndo inazihamishia kwenye kadi, kadi ikiwa ya polepole kumbukumbu inajaa na kitufe kinagoma mpaka ipungue. Wengi wanadhani kamera imeharibika kumbe inasubiri kadi.

Hatua ya 4: Soma uso wa kadi alama moja moja

Chukua kadi ya SD mkononi. Namba kubwa kuliko zote, tuseme 170MB/s, hiyo iangalie mwisho. Ni spidi ya kusoma, yani ya kuhamisha kwenda kompyuta, na tena ni ya juu kabisa katika mazingira mazuri. Spidi ya kuandika, ambayo ndo kamera inaihitaji, mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo na mara nyingi haijaandikwa popote mbele. Watengenezaji wanaikuza hiyo namba kwa sababu ndo inayouza. Wewe tafuta hizi:

- Herufi V na namba: V30, V60, V90. Hii ndo ya kuiamini kwa video. V30 maana yake kadi haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kurekodi, V60 haishuki 60, V90 haishuki 90.
- Herufi U yenye namba ndani: 1 ni angalau megabaiti 10, 3 ni angalau 30. Kwa hiyo U3 na V30 kiwango ni kile kile, na kadi nyingi zina zote mbili.
- Herufi C yenye 10 ndani: angalau megabaiti 10. Ni alama ya zamani, peke yake siku hizi haitoshi kwa 4K.
- I au II ya Kirumi: hii ni njia ya kupitisha data, UHS-I au UHS-II. UHS-I mwisho wake kwa kanuni ni megabaiti 104 kwa sekunde, UHS-II ni 312. UHS-II ukiigeuza nyuma utaona safu mbili za vipande vya shaba, UHS-I ina safu moja.
- A1 au A2: hiyo inahusu kuendesha programu za simu. Kwenye kamera haikupi chochote, muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya A2 mwambie hapana.

Kadi ya UHS-II ukiiweka kwenye kamera ya UHS-I inafanya kazi vizuri ila kwa spidi ya UHS-I, yani umelipia safu ya pili ya shaba ambayo haitaguswa na kamera yako. Kidogo utafaidi kwenye kuhamisha mafaili kama una rida ya UHS-II, basi.

Kwa Canon 250D, M50, R50, Sony A6400, ZV-E10 na ndugu zao, tafuta UHS-I yenye U3 na V30 kutoka kampuni inayojulikana, umemaliza. Kwa mfano SanDisk wana Ultra na wana Extreme, zinakaa shelfu moja na bei zinakaribiana, lakini Ultra ya SD ni U1 na Extreme ni U3 na V30. Anayeanza anachukua Ultra kwa sababu jina linasikika kubwa, alafu Sony yake inamkatalia kurekodi 4K ya megabiti 100 mana inadai U3.

Hatua ya 5: Sasa ndo uulize GB

Rudi kwenye ile hesabu. Megabaiti 12.5 kwa sekunde mara 60 ni 750 kwa dakika, kwa saa ni GB 45. Kwa hiyo kwa 4K ya megabiti 100, GB 64 inakupa kama saa moja na dakika ishirini na kitu, GB 128 inakupa pungufu kidogo ya masaa matatu. Ukirekodi megabiti 50 unapata mara mbili ya hapo. Kwa picha, RAW za megabaiti 30 zinaingia kama elfu mbili kwenye GB 64, na JPEG peke yake ni mara tatu ya hapo au zaidi.

Mimi msimamo wangu ni huu: kama kamera yako ina tundu moja, nunua mbili za GB 64 kuliko moja ya GB 128. Ibada kadi moja, ukumbini kadi nyingine. Ikitokea la kutokea umepoteza kipande, hujapoteza siku nzima. Wapo wanaosema kubadilisha badilisha ndo kunapoteza kadi, na kweli, ila hilo linatibika kwa kikasha cha kadi cha bei ndogo na nidhamu ya kuigeuza iliyojaa uso chini. Kama kamera yako ina matundu mawili weka sawa pande zote na washa kurekodi kote kote, hapo hata 128 kwa 128 ni sawa.

Sherehe zetu ni ndefu. Ratiba inasema saa kumi na mbili, maharusi wanaingia saa mbili na nusu, na zawadi zinaendelea mpaka saa sita. Hesabu kwa saa za kweli, siyo za kwenye kadi ya mwaliko, alafu ongeza robo.

Hatua ya 6: Kununua

Kariakoo, Luthuli Avenue Nairobi, popote pale, orijino zipo na feki zipo, wakati mwingine duka moja na shelfu moja, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui. Kwa hiyo usiende kwa mabishano, nenda kwa makubaliano. Sema hivi kabla hujatoa hela: "Bosi nachukua hii, naenda kuipima, ikionyesha siyo GB zilizoandikwa naileta kesho unanirudishia hela." Anayekubali na kukuandikia kwenye risiti, nunua kwake hata akizidi kidogo. Chukua na risiti ya EFD kama uko Tanzania, ni haki yako na ndo ushahidi wako.

Dalili za kukimbia ukiwa bado kaunta: kadi ya TB 1 au TB 2 kwa bei ya GB 32, kampuni ambayo hujawahi kuisikia yenye alama zote za dunia usoni, maandishi yaliyofifia au yasiyonyooka, pakiti iliyofunguliwa ikagundishwa tena. Lakini pakiti nzuri na maandishi mazuri siyo ushahidi wa uorijino, mana wanaoghushi wameshakuwa hodari wa kuchapa. Ushahidi ni kipimo cha hatua inayofuata.

Kadi iliyotumika usinunue. Kadi inachoka kwa kuandikwa na kufutwa, na kwa nje huwezi kuona imefutwa mara ngapi. Na ile ya "ofa" unayopewa kwenye boksi la kamera ichunguze kama kadi nyingine yoyote, mara nyingi huwa ni ya polepole.

Hatua ya 7: Ipime yote, siyo kidogo

Kadi feki inatengenezwa hivi: ndani kuna chipu ndogo, tuseme ya GB 16, alafu imepangwa iiambie kamera kwamba ni 128. Picha za mwanzo zinaingia na zinafunguka vizuri. Chipu ikishajaa kadi haisemi imejaa, inaendelea kupokea na kutupa, au inaandika juu ya zile za mwanzo. Majina ya mafaili utayaona yote, ukubwa utauona, ndani hakuna kitu. Ndo mana kupiga picha kumi za majaribio na kuridhika hakusaidii. Inabidi uijaze mpaka pomoni alafu uisome tena.

Kwa Windows kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw.

1. Hakikisha kadi ni tupu. Kama ina picha za mtu zihamishe kwanza.
2. Chomeka kwenye rida, na laptopu iwe kwenye umeme, siyo betri.
3. Fungua H2testw, inakuja na Kijerumani, chagua Kiingereza. Chagua kadi yako, na hapa kuwa makini uchague kadi kweli na siyo diski nyingine.
4. Acha kwenye nafasi yote iliyopo, alafu bonyeza sehemu ya kuandika na kuhakiki.
5. Subiri. Kwa rida ya USB 2.0 kadi ya GB 128 inaweza kuchukua masaa mawili na zaidi, kwa sababu inaandika yote alafu inasoma yote. Ukishaanza usiichomoe.

Mwisho itakuandikia kwamba jaribio limeisha bila makosa, au itakuambia GB kadhaa ziko sawa na zilizobaki ni DATA LOST. Ukiona hayo maneno mawili usiitumie hata kwa picha za nyumbani, piga picha hicho kioo cha kompyuta na urudi dukani na risiti yako.

Pia inakuonyesha spidi ya kuandika. Kama kadi ni V30 na imekuandikia megabaiti 20, usikimbilie kusema feki kabla hujaangalia rida, mana rida ya USB 2.0 yenyewe ndo inaweza kuwa kizuizi. Jaribu rida ya USB 3.0 kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lile la bluu. Ikiendelea kubaki chini sana hapo una neno la kumwambia muuzaji.

Mwenye Mac au Linux atumie F3, nayo ni ya bure. Unaandika f3write ukiielekeza kwenye kadi, ikimaliza unaandika f3read. Kadi iliyofomatiwa na Canon utaikuta kwa jina EOS_DIGITAL.

Hatua ya 8: Fomati ndani ya kamera, alafu iumize kidogo

Irudishe kwenye kamera na uifomati humo humo kwenye menyu, siyo kwenye kompyuta wala kwenye simu. Kila kamera inatengeneza folda zake kwa mpangilio wake na hapo ndo inaelewana na kadi.

Sasa weka ubora wa juu kabisa wa video utakaoutumia kazini, iweke kwenye tripodi iangalie feni inayozunguka au barabara yenye magari, yani kitu chenye mwendo mwingi, na urekodi mpaka iishie yenyewe. Ukuta mweupe hauipi kamera kazi ya kutosha. Kwenye Canon kama 600D ukitumia kadi ya polepole utaona upande wa kulia wa kioo kijimstari cha vipimo vitano kinapanda, hiyo ni data inayosubiri kuandikwa, kikijaa video inasimama. Kadi nzuri hicho kitu haukioni kabisa. Kwa picha weka RAW, bonyeza na kushikilia mpaka kamera ipunguze mwendo, na uhesabu taa ya kadi inachukua sekunde ngapi kuzima. Ukiyajua hayo ya kadi yako, kazini hutashtuka.

Hatua ya 9: Siku ya kazi

Kadi zote ziwe zimefomatiwa jana yake baada ya kuhakikisha kazi ya zamani iko sehemu mbili. Usichomoe kadi wala betri taa ikiwa inawaka. Ukibanwa na nafasi badilisha kadi, usianze kufuta picha moja moja ukumbini, mana hapo ndo kidole kinapokosea. Ukifika nyumbani nakili kwanza, hata uwe umechoka vipi, kopi moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye hadi diski, fungua mafaili kadhaa ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, ndo ulale. Kadi isifutwe mpaka mteja amepokea kazi yake.

Ikileta matatizo

*Kamera inasema kadi imefungwa.* Angalia kile kitufe cha pembeni ya SD, kimeshuka upande wa LOCK. Kipandishe. Kama kinalegea na kushuka chenyewe kila ukiichomeka, hiyo kadi istaafishe kwenye kazi za watu.

*Nimenunua GB 128 lakini kompyuta inaonyesha 119, nimepigwa?* Hapana. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. 128 ya kweli inaonekana 119, 64 inaonekana 59 na kitu. Ukiona pungufu sana ya hapo ndo uulize.

*Video inakatika kila baada ya dakika 12 hivi.* Kama ni Canon 600D kwenye full HD hiyo siyo kadi. Faili moja likifika GB 4 inasimama, unabonyeza tena kuendelea. Kuna kamera nyingine hazisimami ila zinagawa video vipande vya GB 4, ukiviunganisha kwenye programu ya kuhariri vinaendana bila pengo. Lakini kama inakatika baada ya sekunde chache, tena kwa muda usiotabirika, hiyo ni spidi ya kadi, rudi hatua ya 3.

*Kompyuta inaniambia nifomati kadi kabla ya kuitumia, na ina kazi ndani.* Kataa. Funga hicho kidirisha. Irudishe kwenye kamera uone kama picha zinaonekana, jaribu rida nyingine, jaribu kompyuta nyingine. Mara kibao shida ni rida, au kompyuta ya zamani isiyojua exFAT, ule mpangilio wa mafaili unaotumika kwenye SDXC.

*Kamera inaleta ujumbe wa hitilafu ya kadi.* Zima, toa betri, toa kadi, futa vile vipande vya shaba kwa kitambaa kikavu na laini, rudisha. Usitumie mate wala usikwangue na kitu cha chuma. Ikirudia baada ya kufomati, na kadi nyingine kwenye kamera hiyo hiyo haina shida, basi kosa liko kwenye kadi.

*Nimefuta au nimefomati kwa bahati mbaya.* Acha kupiga kuanzia sekunde hiyo. Kufomati kwa kawaida kunafuta orodha tu, picha zenyewe bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo kila picha mpya unayopiga inakula ya zamani. Toa kadi, isogeze LOCK, weka nyingine uendelee na shughuli. Nyumbani tumia PhotoRec, ni ya bure na ipo ya Windows, Mac na Linux, au Recuva kama uko Windows. Unachookoa kihifadhi kwenye diski ya kompyuta, kamwe siyo kwenye kadi ile ile. Picha zinarudi vizuri kuliko video, mana faili la video ni kubwa na mara nyingi limetawanyika kwenye kadi, na majina ya mafaili kwa PhotoRec hayarudi, utayakuta na namba ngeni, itabidi uyapange kwa saa ya kupigwa. Kama kadi haionekani kabisa kwenye rida yoyote programu hizi hazitakusaidia, hapo mpelekee mtaalamu wa kuokoa data na umwambie ukweli wote wa ulichokwisha kujaribu.